Paa la Zamani Huvuja Maungioni



Mvua za nchi yetu ya Njombe aghalabu huanza mwezi wa Novemba, zikaendelea mpaka Aprili, na pengine zikaingia Mei. Kwa hiyo Septemba na Oktoba ndiyo miezi ya mwenye nyumba kuinua macho akatazama kilicho juu ya kichwa chake. Mwezi huu twapenda kusema juu ya jambo ambalo wengi huliona dogo, mpaka usiku ule wanapohamisha vitanda. Nalo ni vile vipande vya bati vinavyofunika maungio ya paa: pale paa linapokutana na dohani, pale linapokutana na ukuta, pale mapaa mawili yanapokutana yakafanya bonde, na pale kileleni. Mafundi wengine huviita fleshingi. Sisi katika ukurasa huu tutaviita mabati ya maungio, ili kila mtu wa nyumbani, mkubwa na mdogo, afahamu kinachosemwa.

Neno letu ni hili: nyumba ya zamani ikivuja, usiseme kwa haraka kuwa paa zima limekufa. Mara nyingi bati lenyewe lingali zima. Kilichokufa ni ungio. Na ungio haliponi kwa kupakwa lami wala saruji kila mwaka. Lapasa livuliwe, litengenezwe upya, tena kwa utaratibu wake. Mwenye kulifahamu hili ataokoa fedha yake, ataokoa ukuta wake, na ataokoa afya ya wale walio chini ya ulezi wake.

BATI NA MISHONO YAKE

Wazee wetu waliezeka kwa nyasi. Nyumba ya nyasi haikuwa na dohani; moshi ulipenya katika nyasi zenyewe, ukazikausha na kuwafukuza wadudu. Paa lile lilikuwa kama kitu kimoja, lisilo na mshono. Bati lilipokuja lilileta raha nyingi: halishiki moto, halitaki kuezekwa upya kila baada ya miaka michache, na maji yake hukingwa yakatumiwa. Lakini bati lilikuja na mishono.

Asili yake si ya zamani sana. Mwaka 1829 mhandisi Henry Robinson Palmer wa London alipewa hati ya uvumbuzi wa bati lenye mawimbi. Mwaka 1837 Mfaransa aitwaye Stanislas Sorel akapewa hati ya njia ya kukichovya chuma katika zinki ili kisishike kutu. Mambo hayo mawili yalipounganishwa ndipo lilipopatikana bati tulijualo. Yafaa tukumbuke kazi ya zinki hiyo. Si ukuta unaokizuia chuma kisiguswe tu, bali ni kama mtu aliyejitolea kwa ajili ya mwenziwe: unyevu ukija, zinki huliwa kwanza ili chuma kisiliwe. Ikiisha zinki, chuma hubaki peke yake, na kutu nyekundu huonekana.

Je, zinki huisha wapi kwanza? Huisha pale maji yanapokawia, pale majani yanapolundikana, na pale moshi wa kuni unapoganda na kuwa maji machungu yanayokula chuma. Mahali hapo si katikati ya bati, ambapo maji hupita mbio yakaenda zake. Mahali hapo ni bondeni mwa paa, nyuma ya dohani, na kandokando ya ukuta. Ndiyo maana mtu aweza kupanda juu ya paa lenye miaka arobaini akakuta mabati mapana yangali na nguvu, na kipande kimoja cha futi mbili nyuma ya dohani kimekuwa kama chujio.

Tena tusiyadharau maji yenyewe. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyanda za juu za Njombe hupata milimita 1,000 na zaidi kwa mwaka. Basi nyumba ndogo yenye paa la mita 60 za mraba hupokea si chini ya lita 60,000 kila mwaka, na nyingi huteremka katika miezi sita tu. Maji hayo yote yatafuta njia. Ungio likiwa zima, yatakwenda nje; likiwa bovu, yatakuja ndani.

BARIDI YA NJOMBE NA UPEPO WA MAKAMBAKO

Mji wa Njombe uko juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa Juni, Julai na Agosti baridi yake ni kali, na katika mabonde huonekana sakitu, yaani umande ulioganda ukaufanya uwanja kuwa mweupe alfajiri. Kwa ajili ya baridi hiyo, baadhi ya nyumba za zamani za huku, zile za watumishi wa serikali ya Mwingereza na za mashamba makubwa, zilijengwa na dohani. Kampuni ya miwati ya Njombe ilianzishwa mwaka 1949. Nyumba iliyojengwa zama hizo sasa imepita umri wa babu.

Makambako nayo ni mji wa njia panda, ambapo barabara ya Songea huiacha ile ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya. Ulikua zaidi ilipopita reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Nyumba na maduka yaliyoezekwa wakati ule sasa yana miaka hamsini. Wakazi wa Makambako waujua upepo wao, na wataalamu wa umeme wamekwisha kuupima kwa nia ya kujenga mitambo ya kuendeshwa nao. Upepo huo hauiachi mvua ianguke wima. Huisukuma kwa ubavu, ikapanda juu ya bati na kuingia chini ya kifuniko cha kilele.

Basi tuna maadui wawili. Wa kwanza ni upepo, ambao hupandisha maji. Wa pili ni mabadiliko ya joto na baridi, ambayo hulisogeza bati. Wengi hawajui kama bati husogea. Bati la urefu wa mita tatu, likitoka katika baridi ya alfajiri yenye sakitu hata likafika katika jua la adhuhuri ambalo mkono hauwezi kuligusa, hurefuka kwa karibu milimita moja na nusu. Jioni hujikunja tena. Ndiyo ile milio tuisikiayo darini jua linapokuchwa, ambayo watoto huiogopa.

Kwa hiyo fundi azibaye pengo la bati na ukuta kwa saruji amefanya kazi isiyodumu. Saruji haivutiki. Bati husogea kila siku, saruji hukaa pale pale, na kabla ya mwaka kupita hutokea ufa mwembamba kama uzi. Maji hayataki mlango mkubwa. Ufa wa uzi wayatosha. Tena saruji mbichi ina ukali unaokula zinki, hata pale ilipopakwa huwa ndipo kutu inapoanzia.

THELUJI YA WENZETU

Wako ndugu zetu waliokwenda kusoma au kufanya kazi Kanada, Norwe na nchi nyingine za theluji. Sisi theluji yetu iko kileleni kwa Kilimanjaro. Wao yawakalia juu ya paa miezi mingi. Yafaa tujue yaliyowapata, maana yana funzo kwetu.

Theluji ikilala juu ya paa, joto la ndani ya nyumba hupanda likaiyeyusha kwa chini. Maji hayo huteremka mpaka ukingoni mwa paa, ambapo hapana joto, yakaganda tena. Barafu hiyo hufanya kama boma. Maji yajayo nyuma yake hayana pa kwenda, hujaa kama bwawa, kisha hupanda kinyumenyume mpaka yakaingia chini ya vigae na maungio. Na maji yakiganda huvimba kwa karibu sehemu moja ya kumi na moja ya ukubwa wake, kwa hiyo yakigandia ndani ya ufa huupanua. Kwa sababu hiyo wenye nyumba kongwe katika nchi zile hufuata kanuni tatu: bati la maungio lipande juu ukutani kuliko maji yawezavyo kufika, bati la juu lilifunike la chini siku zote, na joto la chumbani lizuiwe lisifike darini, huku dari ikipewa hewa.

Kwetu hakuna boma la barafu. Lakini majani ya misindano na milingoti yaliyolundikana bondeni mwa paa hufanya kazi ile ile, na upepo wa Makambako huyapandisha maji kama vile barafu iyapandishavyo kule. Basi kanuni zile tatu ni zetu pia.

NI UVUJAJI AU NI JASHO?

Kabla ya kumwita fundi, mwenye nyumba na apeleleze. Kuna nyumba nyingi ambazo bati lake hudondosha maji alfajiri ya Julai, wala haikunyesha mvua. Huo si uvujaji. Watu walalao hutoa pumzi, na pumzi ina maji. Chungu kichemkacho jikoni hutoa mvuke. Mvuke huo hupanda ukakutana na bati lililopoa kwa baridi ya usiku, ukageuka kuwa matone. Ni jasho la bati. Mwenye kulipaka lami bati lenye jasho amepoteza fedha yake. Dawa yake ni kuweka dari na kuacha matundu ya hewa chini ya ukingo wa paa, yenye wavu wa kuzuia ndege na panya, na jiko liwe na njia ya kutolea mvuke.

Ama ikiwa maji huja na mvua, hasa mvua ya upepo, basi huo ni uvujaji. Ingia darini mchana wa jua, zima taa, ukae kidogo mpaka macho yazoee giza. Tundu lolote litajionyesha kwa nuru. Tazama papi na kenchi: pana alama nyeusi za maji? Zifuate kwa kupanda juu, maana maji huingia mahali pamoja yakatambaa juu ya mti yakadondoka mahali pengine. Doa lililo juu ya kitanda laweza kuwa limetoka kwenye dohani iliyo chumba cha pili.

Ukiwa na shaka, fanya jaribio la maji. Mtu mmoja akae darini, mwingine amwage maji juu ya paa, akianzia chini ya ungio, kisha pembeni, kisha juu yake, sehemu moja moja kwa kitambo. Akianzia juu, maji yatapita kila mahali na hatajua ni wapi yalipoingilia.

KAZI YENYEWE

Hapa twasema na vijana wetu wanaojifunza ufundi, na wazee watakaosimama chini wakitazama. Sharti la kwanza ni usalama. Msipande paa lenye sakitu au umande, subirini likauke. Ngazi ifungwe juu, na mguu wake uwe mbali na ukuta kwa robo ya urefu wake. Mkanyage penye mistari ya misumari tu, maana chini yake ndipo papi ilipo. Katikati ya papi na papi, bati la zamani laweza kutoboka. Asipande mtu peke yake nyumbani.

Kisha ung'oe ungio la zamani lote. Usiliweke jipya juu ya bovu, maana kutu hula huku na huku, na unyevu utakaofungiwa katikati hautatoka. Chini ya nyundo ya kung'olea weka kipande cha ubao usilibonyeze bati zuri. Kwangua lami na saruji ya zamani. Tazama mti ulio chini: ukiwa umeoza, ubadilishwe kwanza, kwa sababu msumari hauwezi kushika katika unga.

Penye dohani, kazi huanzia upande wa chini wa mteremko. Bati la kwanza hulala juu ya mabati ya paa na kupanda ukutani mwa dohani kwa sentimita 15 au zaidi. Kisha huja mabati ya ubavuni, kulia na kushoto, yakilifunika lile la kwanza. Mwisho huwekwa bati la nyuma, upande wa juu wa mteremko, ambalo kichwa chake huingia chini ya mabati ya paa. Ikiwa dohani ni pana, bati hilo la nyuma likunjwe mfano wa tuta dogo lenye mgongo, ili maji yagawanyike yaende pande mbili, wala yasisimame pale.

Lakini kazi haijaisha. Mabati hayo yaliyopanda ukutani yana mdomo wazi kwa juu. Hapo ndipo huchongwa mfereji mwembamba ndani ya mshono wa tofali, kina chake kiasi cha sentimita mbili na nusu, na bati la pili likaingizwa humo likateremka kulifunika la kwanza. Na hii ndiyo siri ya ungio lidumulo: mabati haya mawili hayapigiliwi pamoja. Moja ni la paa, na jingine ni la ukuta. Paa likisogea kwa jua, bati lake husogea nalo, na lile la ukuta hubaki limelifunika. Hakuna kinachovunjika.

Bondeni mwa paa kipande cha juu kikilalie cha chini kwa sentimita 15 au zaidi, na pasipigwe msumari katikati ya njia ya maji. Katika mabati ya mawimbi msumari hupigwa mgongoni mwa wimbi, si bondeni mwake, kwa sababu bondeni ndiko maji yapitako. Misumari iwe ile ya bati yenye kofia na mpira, mipya, wala isirudishwe ile ya zamani katika matundu yake. Bati la kilele lishuke vya kutosha pande zote mbili, na kwa Makambako lishuke zaidi ya kawaida kwa ajili ya upepo.

Katika kununua, mfahamu hesabu ya geji. Namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba: geji 32 ni jembamba kuliko 30, na 30 kuliko 28. Kwa maungio usichague lililo jembamba kabisa, kwa maana hapo ndipo kazi ilipo nzito. Fundi bati wa sokoni aweza kukunja bati bapa kwa kipimo utakachompa. Mpelekee kipimo kilichoandikwa, si cha kukisia. Wala usichanganye madini: shaba ikiwekwa juu ya bati la zinki, maji yatokayo kwenye shaba hulila bati kwa haraka.

Dawa za mpira za kuzibia zina kazi yake, nayo ni kusaidia bati lililokwisha kulazwa vizuri. Si badala ya bati.

Katika chuo tunachofundisha palikuwa na kona moja ambayo watoto walikwisha kuipa jina la kisimani. Mvua ikinyesha walijisogeza wenyewe bila kuambiwa, na misahafu ikahamishiwa kabati la upande wa pili. Kwa miaka mitatu lilipakwa lami na fundi mmoja. Mwaka wa nne alikuja fundi mwingine, akaing'oa lami yote, akatuonyesha: bati la chini lilikuwa limelazwa juu ya bati la juu, na kila tone lilikuwa likielekezwa ndani kama kwa mrija. Akayalaza upya. Bati lililonunuliwa lilikuwa moja tu. Watoto wangali wanapaita kisimani, lakini hakuna tena maji.

MAJI YA KUNYWA NA VUMBI LA HATARI

Nyumba nyingi za huku hukinga maji ya paa kwa kunywa, kupikia na kutawadhia. Basi mwenye kukinga asikubali kuwekewa maungio ya madini ya risasi, ijapokuwa katika Ulaya ndiyo yaliyotumika tangu zamani kwa sababu hulainika na kukunjika vizuri. Risasi ni sumu, na mtoto huumia nayo kuliko mtu mzima, hasa katika akili yake. Lami nayo si kitu cha kutia katika njia ya maji ya kunywa. Baada ya matengenezo, mvua ya kwanza iachwe imwagike nje, ioshe vumbi la chuma na mabaki ya kazi.

Na ikiwa paa lenu ni la asbesto, yale mabao ya mawimbi ya kijivu yafananayo na saruji, msiyatoboe, msiyakate, msiyasugue. Vumbi lake likiingia mapafuni hukaa miaka mingi, kisha huleta saratani. Kazi hiyo si ya kijana mwenye msumeno. Ulizeni kwanza kwa maafisa wa afya wa halmashauri.

AMANA YA FUNDI, NA HAKI YA JIRANI NA WARITHI

Kazi ya paa ni kazi ya amana kuliko nyingi, kwa sababu mwenye nyumba haioni. Fundi akiteremka akasema nimemaliza, mzee wa miaka sabini atapanda akahakikishe? Basi fundi Mwislamu na akumbuke kwamba yuko Aonaye juu ya paa kama aonavyo uani. Akiweka msumari mkongwe na kutoza bei ya mpya, amekula kisichokuwa chake. Na mwenye nyumba naye amtendee fundi haki: wapatane mapema juu ya vifaa na ujira, wayaandike, na jaribio la maji likithibitisha kazi, amlipe siku hiyo hiyo bila ya kumzungusha.

Kuna jambo la jirani. Katika safu za maduka ya zamani, maduka mawili huegemea ukuta mmoja uliopanda juu ya mapaa, na kila mmoja hungoja mwenziwe aurekebishe. Ungio la ukuta huo lina pande mbili; ukitengenezwa mmoja na kuachwa wa pili, maji hupita ndani ya ukuta yakatokea kote. Wakae majirani hao, wamwite fundi mmoja, wagawane gharama. Wala asigeuze mtu mfereji wake ukamwagia maji uani kwa mwenziwe.

Na kubwa zaidi ni nyumba za urithi. Baba amefariki, watoto ni saba, mmoja yuko Iringa, mwingine Dar es Salaam, na mama mzee ndiye akaaye ndani. Bati la dohani limeoza, lakini kila mmoja husema nyumba si yangu peke yangu. Huku nyuma maji hushuka kichwani mwa ukuta. Na nyingi katika nyumba zetu zina kuta za tofali zisizochomwa: tofali mbichi ikilowa hulainika, na ukuta uliolainika masika nzima huanguka usiku mmoja, juu ya aliyelala. Maji yakifika kwenye nyaya za umeme nayo ni hatari nyingine. Hapo itatafutwa fedha ya sanda na ya ukuta, ambapo ingetosha fedha ya bati moja na misumari ya mkono mmoja.

Twawausia warithi wafanye hivi. Kabla ya mvua, wachague mmoja wao aliye karibu, apelelezwe uovu wa paa mbele ya mashahidi wawili, gharama iandikwe, na kila mmoja atoe kwa kadiri ya fungu lake. Aliye na uwezo akitanguliza fedha yote, iandikwe deni lake wazi, ili siku ya kugawana asidhulumiwe wala asidhulumu. Ikiwa ataka kuisamehe kuwa sadaka kwa mama yake, aseme hivyo mapema, asije akaidai baada ya miaka kumi.

Wala msishawishike upesi na mwenye kuwaambia kuwa paa lote livuliwe. Mabati ya zamani mara nyingi ni manene kuliko mengi yauzwayo leo kwa bei rahisi, na wako wayanunuao kwa bei ya takataka wakayauza kwingine. Kwanza pelelezeni maungio. Mabati mapana yakiwa yametoboka kila mahali, hapo yavuliwe. Yakiwa mazima, yaacheni yaendelee kuwasitiri.

Basi Ijumaa hii baada ya Sala, kabla jua halijachwa, waiteni vijana wenu, mzunguke nyumba mkitazama juu. Fagieni majani yaliyo bondeni mwa paa na katika mifereji. Ingieni darini mkitafute kile kitundu cha nuru. Na kama mama, shangazi au jirani mjane hana kijana wa kumpandia, pandeni kwake kwanza.

Mwenyezi Mungu azijaalie mvua zijazo kuwa za rehema, zinyeshe mashambani na wala zisinyeshe vitandani. Amin.